Kilo za Baba wakati wa mionzi

Baba yangu ana saratani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichopo kooni, na mwaka jana alipangiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, siku tano kwa wiki kwa takriban wiki saba. Watu wengi huogopa ngozi kuungua na sauti kupotea. Kwetu sisi kilichotutesa kuliko vyote ni chakula, na ndicho ninachotaka kuwaeleza wenye wagonjwa wanaoanza sasa.

Wiki mbili za mwanzo Baba alikula vizuri, hata mtori wake wa Kichaga alikuwa anamaliza bakuli. Wiki ya tatu vidonda vikatoka kinywani na kooni. Mate yakawa mazito ya kuvutika, nyama ikawa na ladha ya chuma. Nilikuwa nikikaa naye mezani namwona anachota kijiko cha uji, anakishika mbele ya mdomo, anakusanya nguvu, halafu anameza huku amefumba macho na vidole vimebana ukingo wa meza. Kijiko kimoja. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jikaze, Baba" ni kumwonea.

Kilichosaidia kwanza ni dawa. Daktari alimwandikia morfini ya maji, akawa anakunywa kama nusu saa kabla ya kula. Kusukutua pia: kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea (baking soda) kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mara nyingi kwa siku, kisha anatema.

Kuhusu uzito, mtaalamu wa lishe alinipa sababu ambayo sikuwa nayo kichwani kabisa. Wakati wa kupigwa mionzi mgonjwa hulala akiwa amevaa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la uso na shingo yake, ili asitikisike. Akikonda sana kinalegea, na inaweza kulazimu kutengeneza kingine na kupanga mionzi upya. Kwa hiyo bakuli la uji ni sehemu ya tiba yenyewe. Baba alianza na kilo 68. Kwa uzito huo alihitaji kama kalori 2,000 kwa siku na protini gramu 80 hadi 100, kwa mtu anayemeza vijiko vichache tu kila anapokaa kula.

Basi kila kijiko kikabidi kibebe mzigo. Uji wa ulezi niliupika kwa maziwa badala ya maji, nikatia siagi ya karanga iliyosagwa laini, yai nililipiga nikalimimina uji ukiwa unachemka na kukoroga mpaka liive, mwisho kijiko kikubwa cha mafuta, ambacho peke yake kina kalori kama 120. Nikachuja, nikaupoza hadi uvuguvugu. Parachichi nilisaga na maziwa. Siku ambazo maziwa yalimzidishia ute, nilitumia supu ya kuku iliyosagwa pamoja na viazi.

Ndugu walikuja kwa upendo na ushauri wao: aache sukari, maziwa na nyama kwa sababu eti vinalisha saratani, anywe maji ya ndimu. Nilikataa, na ningekataa tena. Ndimu kwenye koo lenye vidonda ni mateso, na mgonjwa anayekonda akinyimwa chakula, mwili unajila misuli yake wenyewe.

Pamoja na hayo yote alishuka hadi kilo 61, yaani alipoteza ile asilimia kumi ya uzito ambayo madaktari huihofia. Akawekewa mpira wa kulishia kupitia puani. Shangazi alilia, akaona ndiyo mwisho umefika. Baba mwenyewe aliniambia usiku ule, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba amepumzika kupigana na kijiko. Tulimpa uji mwepesi uliochujwa kwa bomba la sindano, taratibu, akiwa ameketi wima, na baadaye tunasafisha mpira kwa maji. Maji kidogo aliendelea kuyameza kwa mdomo, kwa maelekezo ya hospitali, ili misuli ya koo isisahau kazi. Angepaliwa mara kwa mara, tuliagizwa tusimamishe na tuwaarifu.

Jambo lingine mjipange nalo: siku ya mwisho ya mionzi maumivu hayaishi. Kwa Baba wiki mbili zilizofuata ndizo zilikuwa kali zaidi, na mpira ulibaki mpaka aliposhika uzito wake kwa kula mwenyewe. Sasa ana kilo 64. Anakula ugali laini kwa mlenda, glasi ya maji pembeni kwa kuwa mate bado machache, na ameanza kuuliza kwa nini mtori naupika bila nyama ya kutafuna.