Ujapo, Ulilete Lile Joho

Somo: 2 Timotheo 4:9–21

Waraka huu umebeba mambo mazito: vita vizuri, mwendo uliomalizika, taji ya haki. Halafu, mistari michache mbele, mtume Paulo anaulizia nguo yake. "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete, na vile vitabu." Anaweka na muda: "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi." Wahubiri wengi huuruka mstari huo. Juma hili tukae hapo hapo, maana aliyeitwa kwenye kazi ngumu ni nadra kuangushwa na hoja za wapinga imani. Humwangusha baridi, deni, na siku nyingi za kutotembelewa.

Mtazameni katekista wa kigango cha mbali, tuseme huko juu Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara. Jumapili anaongoza ibada, katikati ya wiki anafundisha watoto wa kipaimara, na mgonjwa akizidiwa usiku mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Mkate wake ni shamba, kama majirani zake. Juni inafika, mikorosho inaanza kuchanua, salfa, dawa ya unga ya mikorosho, inatakiwa. Unga ule hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande wa kuushika na upepo haujaamka. Jua likipanda, nusu yake inakwenda kwa jirani. Alfajiri hiyo hiyo yeye ndiyo kwanza anatoka kukesha msibani. Akikosa awamu moja, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unaingia kwenye maua, na ua lililokauka halina korosho. Oktoba minada inaanza, ghalani hana cha kupeleka. Januari debe la unga limekauka, anauza kangomba, yaani korosho za msimu ambao bado haujafika, kwa bei ya mwenye shida. Mwaka wa pili tunanong'onezana kwamba katekista amepoa. Kumbe alikosa mtu wa kumshikia bomba la kupulizia salfa alfajiri mbili tatu!

Rafiki wa mwito ni huyo mwenye bomba. Kumwambia mtu "tunakuombea" ni vizuri, nasi tuendelee kuombeana, ila Paulo hakuandika "nikumbukeni" akaishia hapo. Alitaja kitu, akataja kilipo, akataja nani akilete na lini. Basi ukimwendea, usimuulize "una shida gani?" Atajibu "hatujambo, Mungu ni mwema", na hapo umeshafungiwa mlango. Uliza vidogo: Salfa umepata mifuko mingapi? Mpulizaji yupo? Unga wa kula utafika hadi lini? Jana ulilala saa ngapi?

Nendeni wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake. Watu kumi ni ugeni, na ugeni humla mwenyeji. Tumeona nyumba zikibaki na masufuria matupu baada ya "kutiwa moyo". Bebeni chenu: kunde, mbaazi, unga wa mhogo, na huko mlimani msisahau ndoo ya maji. Kama mna fedha, semeni wazi mbele ya mwenzi wake kwamba ni zawadi ya nyumba hii na si sadaka ya kigango. Fedha isiyotajwa jina lake huzaa maneno kwenye jumuiya, na maneno hayo humchosha mtumishi kuliko safari ya baiskeli. Atakalowaambia kwa uchungu libaki humo ndani. Likisikika kwenye maombi ya jumuiya hata kwa mafumbo, hatawaambia tena.

Na mashauri? Yacheleweshe. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno, wakafanya vyema. Waliharibu walipofungua midomo.

Aliyeitwa naye ana wajibu: aombe. Wengi wetu tuna aibu ya kitumishi, tukidhani kusema "sina" ni kumwaibisha Mungu. Paulo aliomba nguo akiwa gerezani, tena akamwambia Timotheo amlete Marko, yule yule aliyemwacha yeye na Barnaba njiani Pamfilia. "Maana anifaa kwa utumishi." Rafiki aliyekosa zamani asifutwe kwenye orodha.

Kusini hii inawajua marafiki wa namna hiyo. Wamisionari wa Kiingereza, Chauncy Maples na William Percival Johnson, walisoma pamoja Oxford, wakafika Unguja mwaka 1876, mwaka ule ule misheni ya Masasi ilipoanzishwa na watu waliokombolewa utumwani. Maples alikaa Masasi na baadaye Newala, Johnson akatangulia Ziwa Nyasa, na Maples akamfuata huko. Mwaka 1895 ziwa likammeza Maples, ameupata uaskofu miezi michache tu. Johnson alibaki kwenye kazi ile ile hadi alipofariki Liuli mwaka 1928. Ni miaka 33 bila rafiki yake.

Mkifika na mkamkuta amechoka sana, msianze na somo. Elia chini ya mretemu alilala, akaamshwa, akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akala tena. Sauti ndogo ilikuja baadaye, huko Horebu. Kwa hiyo pikeni kwanza. Asinziapo kitini mkiwa bado mnazungumza, vuteni mlango taratibu, na mmoja wenu aulizie bomba la salfa limewekwa wapi.