Daktari wako ni nani?

Kazi yangu hapa Baltimore ni kumpokea mgonjwa kabla hajamwona daktari. Nampima presha, namuuliza dawa anazotumia, halafu namsomea yale maswali tisa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha; kila jibu lina alama, na sifuri maana yake hakuna shida. Wengi huyajibu haraka. Wanapokwama ni kwenye fomu ya mapokezi: daktari wako wa kawaida ni nani?

"Yeyote mtakayenipa leo," alinijibu mzee mmoja mweusi, mstaafu wa bandarini, huku akikunja mkono wa shati.

Usingizi? Hakuna shida. Hamu ya kula? Hakuna shida. Sifuri tupu mpaka swali la tisa, na shati lenyewe limempwaya, presha iko juu, 170 kwa 98. Sasa amweleze nani? Mtu ambaye akirudi hatamkuta? Tena Wamarekani weusi huambiwa wana skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo, mara nyingi kuliko weupe, na watafiti wameona kwamba baadhi yao walikuwa na sonona ambayo haikutambuliwa. Kwa mtu anayelijua hilo, sifuri ni kujihami.

Ila si rangi peke yake. Mwaka 2008 jimbo la Oregon, lenye weupe wengi, lilikuwa na nafasi chache za Medicaid, bima ya serikali kwa maskini. Wakapiga kura ya bahati. Baada ya miaka kama miwili, sonona kwa waliopata bima ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 30 ukiwalinganisha na waliokosa. Presha? Haikushuka kwa kiasi cha kuonekana. (Mimi ninayeshinda na mashine ya presha mkononi, hilo hunichekesha kidogo.) Lakini bili kubwa za kufilisi familia zilikuwa karibu zimekwisha kwao, na wengi zaidi walikuwa na mahali pao pa kutibiwa.

Marehemu Barbara Starfield, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins humuhumu mjini kwetu, alitumia miaka mingi kueleza jambo hili: huduma ya msingi iliyo nzuri, ya daktari anayekujua, hupunguza pengo la afya kati ya aliye nacho na asiye nacho.

Sisi madaktari wetu hawakai. Mkataba ukiisha, wanakwenda kwenye mishahara minono. Ripoti ya robo mwaka hutaja wangapi presha imeshuka na wangapi wamesomewa maswali tisa. Waliomwona daktari yuleyule mara mbili mfululizo hawamo. Nililiuliza kikaoni. Meneja akasema mfumo wa kompyuta hauna safu hiyo.