Mchu wa Mbele, Mchu wa Nyuma

Rasimu yangu ya kuombea nafasi ya uzamivu ilikuwa na kurasa nne, na ilianza: "Tangu utotoni nimeipenda bahari." Shangazi, mwalimu mstaafu wa baiolojia, aliisoma barazani kwake Ngamiani, Tanga, kalamu ya risasi mkononi. Sentensi ile aliikata tu, akaendelea.

Kilichomsimamisha ni ukurasa wa pili: mikoko, samaki, tabianchi, jeni, uhifadhi.

"Mwanangu, nani atakusimamia yote haya? Kule matopeni, kitu gani kilikusumbua?"

Nikamweleza mchu, mti wa jamii ya mikoko. Huota mahali pawili: mbele kabisa, unakofikiwa na maji kila siku, na nyuma kabisa, jirani na mashamba ya chumvi, katikati imejipanga mikoko yenyewe na mikandaa. Wa mbele ni mti mrefu, wa nyuma hauzidi kiuno cha mtu. Jua likikaza, majani yake huota chembe nyeupe; ukiyalamba, ni chumvi. Sikujua kama ufupi ule ni wa udongo au wa uzao.

"Si ndilo hilo! Mbona hukuliandika?"

Swali likahamia aya ya kwanza, pamoja na njia ya kulijibu: mbegu za pande zote mbili ziote kitalu kimoja, kwa viwango vilevile vya chumvi. Miche ya nyuma ikidumaa hata kwenye chumvi kidogo, lawama ni ya uzao. (Miezi ya mwanzo haiaminiki, mche bado unakula akiba ya mama.)

Kisha nilichokwisha fanya: viwanja 24 vya mita 10 kwa 10, vipenyo vya mashina vikipimwa kwenye kimo cha mita 1.3. Hapo shangazi akacheka. Mchu wa nyuma haufiki kimo hicho, kwa hiyo kwenye daftari langu haukuwepo kabisa. Kosa hilo nilitaka kulificha, akanilazimisha kuliandika, na namna ambavyo ningepima sasa: kipenyo cha shina karibu na ardhi, na upana wa kichaka.

"Chuo chenu ni maarufu" ikafutwa. Badala yake wasimamizi wawili, maana mmoja huenda hana fedha mwaka huo, na kwa kila mmoja mbinu yake moja ninayoihitaji.

Zikabaki kurasa mbili. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza aliponirudishia karatasi, kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Na hiki chuo cha hapa chini, mbona sicho cha kule juu?"