Miguu yenye matope

Jana nilitoka Shirati kwa pikipiki kabla ya mapambazuko, lakini mvua iliponikuta njiani na udongo mweusi wa Rorya ukaanza kunata magurudumuni, niliiacha kwa mwenyeji mmoja nikamalizia safari kwa miguu hadi kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria, ambako mchungaji huonekana kwa nadra. Ilikuwa siku yao ya Meza ya Bwana, ambayo sisi Wamennonite huiambatanisha na kuoshana miguu, kama ilivyoandikwa katika Yohana 13. Mzee wa kanisa aliyeniosha aliitazama miguu yangu, akacheka: “Mchungaji, leo umetuletea kazi ya kweli.” Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 nadhani nao walilifahamu tope hili. Viatu vyangu bado havijakauka.