Umeme kukatika si kuzimwa

Mwezi uliopita nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya friji, bisibisi mkononi, nikibadilisha prizi iliyoungua. Skrubu ilikuwa imelegea. Waya ukishikwa nusunusu hupata joto palepale, na plastiki ilishageuka kahawia. Mtaa mzima giza. Hapa Goma, umeme ukikatika ndipo mafundi wa nyumbani kama mimi tunapopata ujasiri. Nyaya zimechomoza ukutani kama ndevu za kambale, binti yangu ananimulikia kwa simu.

Ghafla watoto wa jirani wakapiga ile kelele ya furaha. Umeme umerudi! Kidole changu kilikuwa hakijafika kwenye waya, labda sentimita mbili.

"Papa Neema, dijonkteri uliishusha?" mke wangu akauliza toka jikoni.

Sikuishusha, ile swichi ya kukatia umeme wa nyumba.

Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba nilikuwa nimepima kwa testa. Haikuwaka, nikaridhika. Lakini gizani testa itawaka na nini? Ilinyamaza kwa sababu mtaa hauna umeme, si kwa sababu nimeutenga waya wangu. Siku hizi nafanya kazi umeme ukiwepo. Naichomeka testa kwenye prizi ileile, inawaka, nashusha dijonkteri na kuifunga kwa utepe mtoto asiipandishe, napima tena. Ikizima ndipo nafungua kifuniko.

Baadaye nilimwita fundi wa kweli aniwekee waya wa ardhini, ule unaoungwa na fimbo iliyozikwa ili umeme unaovuja uishie udongoni. Kumbe ardhi yenyewe ndiyo kazi! Tumejenga juu ya mawe ya volkeno, yale ya mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 yalipita katikati ya mji, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Fimbo ya shaba iligonga mwamba, ikapinda kama msumari mbovu. Akahamia kwenye bustani ya mke wangu, tuliyoijaza udongo kwa toroli, akachimba na kufukia fimbo kwa udongo na vumbi la makala, yaani makaa ya kupikia. Akaongeza dijonkteri ya difaransieli ya miliampea 30, inayokata umeme ukianza kuvuja, hata ukivujia kwenye mwili wa mtu. Nililipa bila kulalamika, mimi ninayebishania hata bei ya makala.

Jana jioni jirani akanipigia simu: "Kaka, njoo unitengenezee prizi haraka, umeme haupo."

Nikamwambia asubiri urudi. Anadhani nimekuwa mvivu.