Siku moja na nyuki, okidi na maua ya porini Sikonge

Saa kumi na mbili asubuhi

Mvua ya usiku imekatika. Mimi ni afisa nyuki, na huku Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, kazi hii hufanywa kwa miguu. Nakunywa chai na kiazi kitamu, kisha natia mkobani kofia ya wavu, bomba la moshi, daftari na lenzi ndogo ya kukuzia. Lenzi ni ya maua. Anayetaka kujua nyuki watakula nini ni lazima ajue porini kumechanua nini, na Desemba, mvua zikishakolea, kila siku kuna kipya.

Saa moja

Pikipiki inaniacha ukingoni mwa mbuga. Nyasi bado ni fupi, na katikati yake yametapakaa maua meupe, mapana, laini kama karatasi iliyolowa. Wataalamu huuita mmea huu Cycnium. Kila apitaye huusifu. Wachache wanajua kwamba mizizi yake imejichomeka katika mizizi ya nyasi jirani na inafyonza maji na madini humo, ingawa una majani yake ya kijani na unaweza kujitengenezea chakula. Nautaja kwa sababu mbele kuna mmea mwingine unaoshtakiwa kosa hilohilo, nao haujalitenda.

Saa mbili na nusu

Tumeingia porini, mimi na vijana wawili wa kikundi cha wafugaji nyuki. Miyombo, mitundu, mininga. Wao wanatazama juu kutafuta mizinga, mimi nawaomba wapunguze mwendo watazame na chini. Scadoxus imechomoza: mpira mwekundu wa vijiua vingi, umetangulia kutoka ardhini kabla ya majani yake. Hatua chache mbele kuna Costus, majani manne manene yamelala juu ya udongo, na ua la njano katikati. Mtu aweza kuikanyaga asijue. Gloriosa nayo inapanda kichakani kwa ncha za majani yake zinazojikunja na kushika chochote. Petali zake nyekundu na njano zimegeukia juu. Hiyo nawaambia waitazame tu. Kiazi chake kina sumu ya kolchisini, na watoto wanaochimba mizizi ya kula wanapaswa kuonyeshwa mapema.

Saa nne

Mzee tuliyekuja kukagua mizinga yake tunamkuta chini ya mtundu mkubwa, panga mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Ngoja kwanza nimwondoe huyu mnyonyaji, anauua mti wangu."

Namwomba aniruhusu nitazame kabla hajakata. Ni okidi ya chui, Ansellia, fungu zito la mashina kama vijimiwa limekaa kwenye panda la tawi. Maua yake ya njano yenye madoa ya kahawia yamekwisha. Imebaki mikoba ya mbegu, mbegu ndogo kama vumbi, na kila moja haiwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu. Namwonyesha mizizi. Mingine imeshika gome tu, haikupenya ndani. Mingine, myembamba na myeupe, imesimama kuelekea juu na kunasa majani yanayodondoka. Majani hayo yakioza ndiyo yanayoilisha, pamoja na maji ya mvua. Mti ni mahali pake pa kukaa basi.

Mzee hakubali upesi, na namheshimu kwa hilo. "Mbona naiona hata kwenye matawi makavu?"

"Tawi limekufa kwa uzee, mzee. Yenyewe ilikuwapo tangu tawi likiwa bichi."

Anainua panga na kuligusa gome pembeni mwa mizizi, anachungulia, halafu analichomeka panga alani. "Basi ikae. Ila isizibe mlango wa mzinga." Mizinga yake ni ya magome, na haizibwi na kitu. Tunaikagua yote hadi saa sita kasoro.

Saa sita na nusu

Njiani kuna mtundu uliokatwa. Kuni za kukaushia tumbaku. Huku kwetu ndivyo miti mingi inavyokwenda. Sina ugomvi na mkulima anayetafuta ada ya shule, lakini naumia nikiona kwenye tawi lililoanguka fungu zima la okidi likichomwa na jua. Tunaibandua pamoja na gome lake, tunaipandisha kwenye mti jirani wenye kivuli na kuifunga kwa kamba ya magome ya myombo. Kamba itaoza, na ninatumaini mizizi itakuwa imeshika kabla.

Saa tisa

Kando ya kichuguu, Eulophia tatu zimesimama wima, waridi iliyokoza. Napiga magoti na lenzi. Okidi nyingi za jamii hii hazina nekta: nyuki anavutwa na sura ya ua, anaingia, anatoka mikono mitupu, na chavua imemgandia kama kifurushi. Asali hapati, lakini ua limepata lilichotaka.

Napiga picha, mahali siandiki. Katika Nyanda za Juu Kusini viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia kutengenezea kinaka, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo. Ukichimba kiazi umeondoa mmea wote. Hifadhi ya Kitulo, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na okidi ni sehemu kubwa ya sifa yake. Pori letu halina jina la namna hiyo, nami nataka liangaliwe kwa macho yaleyale.

Saa mbili usiku

Nimeoga, nimekula ugali na kisamvu, naandika taarifa ya mizinga. Kesho kuna kikao cha kamati ya maliasili ya kijiji. Nitaomba jambo moja: anayepewa kibali cha kukata mti atuite tukague matawi kwanza, tuhamishe okidi kabla shoka halijaanza. Mzee ameahidi kuja kuniunga mkono.