Fundi wa Jahazi na Karatasi ya Sahihi

Nilipofika Lamu kukaa na waunda majahazi, mkobani nilikuwa na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, na fomu thelathini za ridhaa. Kijiji sikitaji. Mafundi waliobaki pale ni wachache mno.

Fomu ya kwanza nilimpa mzee niliyekuwa nikimwamkia siku nne mfululizo. Alikuwa akitia kalafati: asokota pamba, aichovya mafuta, aishindilia katikati ya mbao mbili kwa patasi, nyundo ikienda polepole. Akafuta mikono, akaishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, babangu alitia dole gumba kwenye karatasi kama hii, shamba likenda. Wataka maneno, kaa. Sahihi sitii."

Siku ile sikuuliza kitu tena, nilikaa nikimpokezea pamba. Usiku nikamwandikia msimamizi wangu, tukakubaliana ridhaa itolewe kwa mdomo na irekodiwe, mbele ya mtu ambaye mzee anamwamini. Mzee akamwita mpwawe.

Mazungumzo yakafunguka, tena kupita kiasi. Tulipofikia marufuku ya kukata miti ya 2018, iliyoigusa hata mikoko, akaeleza jinsi mlilana, mkoko wa kuundia mataruma, yaani mbavu za jahazi, ulivyoadimika na kazi zikalala pwani. Kisha akataja watu kwa majina, na walichofanya. Kinasa sauti kilikuwa wazi. Kwa mtafiti, ile ilikuwa lulu. Lakini wale hawakuniruhusu lolote, na kumbadilisha fundi jina ni kazi bure pale ambapo ukilitaja jahazi tu, kila mtoto amjua aliyeliunda.

Kesho yake nikarudi, nikamsikilizisha sehemu ile. Akanyamaza hadi mwisho.

"Haya tulikuwa twazungumza. Hayakuwa ya kwenda nayo."

Nikayafuta mbele yake, na nakala ya kwenye kompyuta pia. Tasnifu ikabaki na pengo, na mtahini mmoja akaliuliza. Nilimweleza kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, na kwamba hata isingekuwepo, ningefanya vilevile.

Tangu hapo siondoki na rekodi ambayo mwenyewe hajaisikia. Inakula muda, wiki nzima wakati mwingine.

Siku ya kuaga, mzee aliomba sauti yake akieleza vipimo vya mkuku, uti wa chini wa jahazi. Nikaitia kwenye simu ya mpwawe. Akaisikiliza mara mbili, akajisahihisha mahali alipokosea, akaniambia nirekodi upya.